Kumwigiza mtu: mwongozo kamili wa neno la kuiga kwa kuchekesha

Kazi yangu ni kutafsiri. Siku moja nililetewa kipande cha video cha dakika sita. Jamaa kavaa suti na tai, kakaa nyuma ya meza, anasoma "taarifa ya habari" kuhusu mbuzi aliyekula hati ya kiwanja. Sauti, vituo, namna ya kugongesha karatasi mezani, vyote vya msomaji habari wa televisheni. Mteja alitaka mstari mmoja tu wa maelezo chini ya video. Nikaandika: "Mchezo wa kuigiza kuhusu taarifa ya habari." Baada ya siku mbili akanipigia: mbona watu wanauliza sehemu ya pili inatoka lini?

Watu hawakukosea. Kwa Mswahili, "mchezo wa kuigiza" ni ule wa redioni, wenye mama mkwe, shamba la urithi na mlango unaolia kwiii. Mimi nilitaka kusema kitu kingine kabisa, kwamba jamaa anaiga jambo tunalolijua sote ili tucheke. Nikabaki natafuta neno.

Wagiriki walikuwa nalo: parōidia, yaani wimbo unaoimbwa kando ya wimbo mwingine. Aristotle, katika Poetics, anamtaja Hegemon wa Thasos kuwa mtu wa kwanza kutunga mashairi ya namna hiyo. Lugha za Ulaya zikalirithi neno, nasi tukilitaka tunalitohoa: parodi. Lakini Kiswahili kina njia yake, ila hakikuifungia ndani ya neno moja. Kitenzi chenyewe kinasema "kuiga" basi. Kicheko unakijua kwa mengine: nani anaigizwa, nani anaigiza, na wana uhusiano gani.

Hatua ya kwanza: ujue mzizi na watoto wake

Mzizi ni -iga. Huu hauna upande. Mtoto humwiga baba yake kunyoa ndevu, fundi huiga mshono aliouona harusini, kasuku huiga mluzi. Hata ile methali ya usimwige tembo kunya, utapasuka msamba, haimcheki tembo. Anayechekwa ni mwigaji.

Ukiuongeza ukawa -igiza, unaingia jukwaani. Kuigiza ni kujivika mtu mwingine mbele ya macho ya watu. Ndiyo maana ukatupa mwigizaji, igizo na maigizo. Hapa kicheko kinaweza kuwapo au kisiwepo: anayeigiza mjane anayelia anaigiza vilevile.

Halafu kuna -igilizia, ambayo Tanzania Bara utaisikia zaidi kwa watoto. Darasani ina maana ya kuangalizia: "Mwalimu, huyu ananiigilizia!" Lakini nyumbani ina maana nyingine, nami naiona ndiyo mahali kila mmoja wetu alipojifunzia jambo hili. Ndugu wawili wamekaa sebuleni, mmoja amechoka, mwingine hana kazi.

"Acha."
"Achaaa."
"Nitasema kwa mama."
"Nitatema kwa mamaa."
"Mama! Mwone, ananiigilizia!"

Tazama alichofanya yule mkorofi. Hakutukana. Alirudisha maneno yaleyale, akayavuta kidogo, akakitia kithembe pale mwenzake alipokuwa karibu kulia. Maneno yamebaki, kilichozidi ni chumvi. Mombasa mtoto huyohuyo angelalamika kwamba "ananigeza". Kugeza ni neno zuri, nami nasikitika kwamba waandishi wa Bara hatulitumii, maana ni fupi na halichanganyiki na mambo ya tamthilia.

Kwenye majina uwe makini na moja: kiigizo. Mwandishi mmoja kijana aliwahi kuniletea makala kuhusu wachekeshaji, kila walipomwiga mtu fulani akaita "kiigizo". Nikamwambia aende akasikilize mawaidha. "Mtume ni kiigizo chema" maana yake ni mfano wa kufuatwa, na hakuna anayecheka. Ukitaka jina la tendo lenyewe, una mwigo (wingi miigo) au igizo (wingi maigizo). Mwigo huu umechekesha, maigizo haya yamewaudhi wakubwa.

Tahajia: andika mwigizaji, ingawa "muigizaji" imejaa kila mahali hadi kwenye mabango. Wingi ni waigizaji, hapo hakuna ugomvi.

Hatua ya pili: mtafutie mtendwa wake

Hapa ndipo penye siri ya neno, na ndipo nilipoteleza mimi na mbuzi wangu.

Mchukue Joti, mchekeshaji wa Tanzania, ulinganishe: "Joti anaigiza" na "Joti anamwigiza". Sentensi ya kwanza inataja kazi ya mtu. Ungeweza kuijaza kwenye fomu ya benki. Ya pili inamfanya msikilizaji ageuke aulize: anamwigiza nani? Hicho kiambishi -m- kinamleta uwanjani mtu fulani, anayejulikana, mwenye mwendo wake na sauti yake. Wala huhitaji kuongeza neno la kuchekesha. Sema tu "Yule kijana wa mapokezi anamwigiza bosi" uone watu watakavyosogea karibu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama unachoeleza ni kuiga kwa kuchekesha, usiache kitenzi kikae peke yake. Mpe mtendwa, na kiambishi chake kikae ndani ya kitenzi. Anamwigiza mwalimu wa zamu. Anawaigiza makondakta wa daladala. Anauigiza mwendo wa mkuu wa shule. Anaiigiza sauti ya mtangazaji wa mpira. Usiogope irabu mbili kukaa pamoja: kuniigiza, kuiigiza na kuuigiza ni sahihi, na anayekata moja anapoteza maana. "Aliigiza" na "aliiigiza" si kitu kimoja.

Tanzania ina mfano ulio hai wa jambo hili. Steve Nyerere, mwigizaji wa filamu, jina hilo hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa kuiigiza sauti ya Mwalimu Nyerere, hadi jina la aliyeigizwa likamganda mwigizaji. Wale wa Ze Comedy wa EATV, ambao baadaye walikuwa Orijino Komedi, walipata umaarufu kwa njia hiyohiyo: wanawaigiza wanasiasa, wanawaigiza wanamuziki, na Joti anakuja na khanga kuwaigiza bibi zetu wote kwa mpigo. Kenya kulikuwa na Redykyulass, vijana watatu waliomwigiza Rais Moi kwenye televisheni wakati yeye bado yuko Ikulu. Kwa waliokulia enzi ambazo jina la rais hutamkwa kwa sauti ya chini, kile kiambishi -m- kilikuwa na uzito wake.

Hatua ya tatu: chagua kicheko cha aina gani

Ukishasema "anamwigiza", bado hujasema kama ni kwa mapenzi au kwa ubaya. Kiswahili hakikosi maneno hapa, kinayo hadi yanatatiza: utani, mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, kebehi, stihizai, tashtiti. Kamusi nyingi huyafafanua kwa kuyazungusha, dhihaka ni kejeli, kejeli ni dhihaka, na wewe unabaki ulipokuwa. Mimi nilizitofautisha vizuri msibani.

Babu yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia Dar es Salaam zamani na kuzeekea huko. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, utani uliokua tangu enzi za misafara ya wapagazi kati ya bara na pwani. Siku ya pili ya msiba, wanawake wako ndani, sauti zimekauka kwa kilio, akaingia mzee mmoja wa Kizaramo, jirani. Kavaa koti la babu. Sijui alilitoa wapi. Kashika fimbo yake, kapinda goti la kushoto kama lilivyokuwa linampinda marehemu, akasimama mlangoni akakohoa kile kikohozi cha kwake cha mara tatu, ya tatu fupi. Kisha akasema kwa lafudhi ya Tabora: "Nani kachukua chenji yangu ya ugoro?"

Shangazi yangu, ambaye tulishaanza kumhofia, alicheka hadi akashika mbavu. Halafu akalia upya, lakini kilio kingine.

Baadaye nje nilisikia watu wakisimulia. Hakuna aliyesema mzee yule "amemdhihaki" marehemu. Hakuna aliyesema "amemkejeli". Wote walisema: "Kamwigiza mzee vilevile alivyo." Mmoja akaongeza: "Mtani wake, ana haki." Kama koti lile lingevaliwa na mpangaji ambaye si mtani, ukoo ungesema amedhihaki, na fimbo ile ingetafutiwa kazi nyingine. Tendo lingekuwa lilelile, kikohozi kilekile.

Kwa hiyo unapochagua neno, uliza kwanza mwigizaji ana haki gani kwa anayeigizwa. Akiwa nayo kwa udugu, ukabila, urafiki au utani wa jadi, andika "anamwigiza kwa utani". Akiwa hana lakini hana ubaya, ni mzaha au masihara. Anayetaka kumshusha mtu hadhi, ni dhihaka. Kejeli ina makali zaidi na mara nyingi hupitia kinywani, kwa maneno yanayosifu huku yanakata. Kebehi na stihizai ni za dharau ya wazi, na stihizai utaiona zaidi katika maandishi yenye harufu ya dini.

Tashtiti ina mtego wake. Ukiitumia kwa maana ya maandishi au sanaa inayokosoa kwa kuchekesha, wasomaji wa Tanzania watakuelewa. Lakini mwanafunzi wa sekondari wa Kenya amefundishwa kwamba tashtiti ni kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana, na akikutana na sentensi yako ataanza kutafuta alama ya kuuliza. Ukiwaandikia wote wawili, sema "sanaa ya kejeli" na usonge mbele.

Hatua ya nne: hakikisha kweli ni kuigiza kwa kuchekesha

Si kila mwigo unaochekesha unastahili jina hili. Mimi hupima hivi: je, mtazamaji anaitambua asili? Je, kuna kilichobadilishwa waziwazi? Na je, kicheko kinatokana na kule kufanana na kutofanana, au kinatokana na kitu kingine tu, kama mtu kuteleza?

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililazimika kujibu swali hilihili mwaka 2014, katika kesi ya Deckmyn na Vandersteen, baada ya mwanasiasa wa Ubelgiji kugawa kalenda yenye picha iliyoiga jalada la kitabu cha katuni. Ilisema parodi lazima ikumbushe kazi iliyopo, itofautiane nayo kwa namna inayoonekana, na iwe na ucheshi au dhihaka. Marekani nako, mwaka 1994, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kundi la 2 Live Crew lililouchezea wimbo wa Roy Orbison. Huko majaji waliweka mstari ambao mtafsiri anauhitaji kila siku: anayeigiza kazi ili aicheke kazi yenyewe, na anayeiazima ili apige kitu kingine, ni watu wawili tofauti. Kwetu ningesema wa kwanza anauigiza wimbo, wa pili anautumia wimbo kukejeli.

Mfano unaonisumbua hadi leo ni ngoma ya beni. Miaka ya 1890, kwenye miji ya pwani ya Kenya, vijana walianza ngoma iliyofuata bendi za kijeshi za Wazungu: gwaride, sare, tarumbeta, ngoma kubwa, na vyeo vya kizungu kwa viongozi wao. Jina lenyewe ni neno bendi lililosimama kipwani. Ikaenea, vyama vya Marini na Arinoti vikashindana hadi ndani ya Tanganyika, na mwaka 1975 mwanahistoria Terence Ranger akaiandikia kitabu kizima. Sasa, vijana wale walikuwa wanawaiga wanajeshi au wanawaigiza? Ukiandika "waliziiga bendi za kijeshi", umesema walizitamani. Ukiandika "waliwaigiza wanajeshi wa kizungu", umesema kulikuwa na jicho la pembeni. Wasomi wamebishana. Mimi naamini siku nyingine ilikuwa hivi, siku nyingine vile, na penye mashaka ya namna hiyo huandika "waliiga" halafu naeleza mashaka yenyewe. Kitenzi kimoja kisifungie mjadala ambao haujaisha.

Kwa vikaragosi hakuna mashaka. Kipindi cha The XYZ Show kilichoanza Kenya mwaka 2009, kazi ya mchoraji Gado, kiliwatengenezea wanasiasa vikaragosi vyenye pua na mashavu yaliyotiwa chumvi. Neno kikaragosi lenyewe limetoka mbali, kwa Karagöz, mchekeshaji wa mchezo wa vivuli wa Waturuki. Kwa hiyo ukisema "kikaragosi cha waziri", kicheko kimo ndani ya jina tayari, huna haja ya kuongeza "cha dhihaka".

Hatua ya tano: jaribu mwenyewe

Huwezi kulitumia neno vizuri kama hujawahi kulitenda. Anza na kitu ambacho kila msomaji wako anakisikia hadi kwenye usingizi. Mimi nilichagua tangazo la kifo la redioni:

"Familia ya Mzee Simu wa Mbagala Rangi Tatu inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao Bando la Wiki, kilichotokea ghafla usiku wa kuamkia Jumanne, katikati ya video. Marehemu aliishi nasi siku mbili tu tangu tulipojiunga naye. Habari ziwafikie Wi-Fi wa jirani popote alipo, Salio wa Dharura aliyeko madeni, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki wote waombao hotspoti. Mazishi yatafanyika mara Mshahara atakapowasili kutoka safarini. Mtandao ulitoa, mtandao umetwaa."

Angalia nilivyogusa machache. "Inasikitika kutangaza", "usiku wa kuamkia", "habari ziwafikie", "ndugu, jamaa na marafiki", yote yamekaa palepale yanapokaa kila siku. Nilichobadilisha ni marehemu na ukoo wake. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na vichekesho kila mstari, nikamsomea mke wangu, hakucheka. Akasema, "Hili si tangazo tena." Alikuwa sahihi: asili ilikuwa imezama. Nilipofuta nusu ya utundu, akacheka kwenye "habari ziwafikie", mahali ambapo sikuwa nimeweka kichekesho chochote zaidi ya jina.

Na nimeigiza nini hasa? Nimeliigiza tangazo, lakini ninayempiga ni bando. Kwa kipimo cha wale majaji wa Marekani, hii ni kejeli iliyoazima nguo za tangazo. Ningeieleza hivi: "tangazo la kifo linaloigizwa ili kukejeli bei za bando".

Hatua ya sita: akaunti na vichwa vya habari

Kwenye mitandao kuna akaunti zinazowaigiza viongozi na watu maarufu. Usiziite "akaunti feki" kama zenyewe zinajitangaza kuwa ni za mzaha. Akaunti bandia inataka kukudanganya, na anayefanya hivyo anajifanya mtu mwingine. Kujifanya na kuigiza ni mbali kabisa. Anayejifanya anaomba usimjue, anayeigiza anaharibikiwa usipomjua. Tofauti hii ina uzito wa kisheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inahesabu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta kuwa kosa, na mtandao wa X ulianza mwaka 2025 kuzibandika lebo akaunti za maigizo ili zijulikane. Andika "akaunti ya mzaha inayomwigiza waziri". Ni ndefu, lakini haitakupeleka mahakamani kumweleza hakimu ulimaanisha nini.

Neno parodi? Litumie darasani na kwenye uhakiki, lipatanishe na ngeli ya i-zi (parodi hii, parodi hizi), na mara ya kwanza lieleze kwa Kiswahili cha kawaida. Kwenye gazeti mimi siliweki.

Ule mstari wa video niliuandika upya asubuhi ileile mteja aliponipigia: "Kichekesho: anawaigiza wasomaji habari, na habari yenyewe ni ya mbuzi aliyekula hati ya kiwanja." Mteja akasema ni mrefu. Tukakata "kichekesho", tukaacha "anawaigiza wasomaji habari". Hakuna aliyeuliza tena sehemu ya pili, ingawa wawili waliuliza kiwanja kiko wapi.